Jinsi ya kufika Ziwa Linalochemka, Dominica

Kabla ya yote, kagua tiketi: Dominica si Jamhuri ya Dominika. Ni kisiwa kingine, mji mkuu wake Roseau.

Mwongozaji mtafute kijiji cha Laudat, njia inaanzia karibu na hapo. Bei mpatane mapema, na uulize ni dola zipi, maana dola 1 ya Marekani ni 2.70 za Karibi Mashariki. Mimi napenda kutoka saa 12 asubuhi. Kwenda na kurudi ni kama saa 6, ukiwa na miguu mizuri.

Vaa viatu vyenye meno; tope la huko halina huruma. Cheni na pete za fedha ziache hotelini, salfa itazifanya nyeusi.

Njiani utapita Bonde la Ukiwa, na hilo ndilo la kuheshimu. Harufu ni ya mayai viza, mvuke unafoka kwenye nyufa, vijito vingine vyeupe kama maziwa. Kanyaga pale tu alipokanyaga mwongozaji: ardhi nyingine ni ganda jembamba, chini maji yanatokota. Ukiona njia ya mkato, iache.

Ziwani kwenyewe, upana wake kama mita 60, huenda usione kitu kwa mvuke. Kaa, kula mkate wako, ngoja upepo. Upepo ukipita, utaona maji ya kijivu yakibubujika katikati. Usiteremke ukingoni kupiga picha.

Mkirudi, ogeleeni Titou Gorge, korongo lenye maji pale njia inapoanzia. Maji ni baridi kwelikweli, na nguo kavu ziwe garini.