Jinsi ya kumchafulia jina mpelelezi wa hadithi yako

Mimi huanza na mhalifu. Mwache afukue kesi ambazo mpelelezi alizitatua haraka mno, kisha apenyeze swali moja tu: alijuaje? Uongo mtupu msomaji ataunusa. Tumia ukweli uliopindwa. Tuseme mpelelezi alitambua alama ya soli kwenye matope kabla polisi hawajafika. Jana ile ilikuwa akili, leo ni ushahidi kwamba alikuwepo. Wa kwanza kumtilia shaka awe askari aliyewahi kuumbuliwa naye mbele ya wenzake (kinyongo hakikosi kazi). Magazeti yaje baadaye, mistari miwili yatosha. Ushahidi wa kumsafisha uufiche mapema, ndani ya kituko cha kuchekesha, anayecheka hapekui.