Kumshitaki polisi Lubumbashi: barua iende wapi, iandikwe nini

Mashitaka mengi dhidi ya polisi hufia mlangoni ingawa mlalamikaji anasema kweli. Yamepelekwa kwa mdomo, kwa kamanda wa komisaria (kituo cha polisi) ileile, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba yalipokelewa.

Kama ndugu yako bado yumo kasho (mahabusu ya polisi), anza na saa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kizuizi cha polisi kisipite saa 48. Zikiisha, mtu anaachiliwa au anakabidhiwa kwa mamlaka ya sheria. Andika mwenyewe saa ya kukamatwa na majina ya walioona, maana saa iliyo ndani ya PV (maandishi rasmi ya mahojiano) huenda ikawa nyingine. Ibara hiyohiyo inataka aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na avoka (wakili). Ibara ya 19 inampa haki ya kuwa na avoka hata polisi wanapomhoji. PV huandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo asisaini kabla ya kusomewa kwa Kiswahili. Likiwemo neno ambalo hakulisema, lirekebishwe. Wakikataa, asisaini, na kukataa kwake kuandikwe.

Saa 48 zikipita, usingoje huruma ya OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa). Nenda Parke (ofisi ya mwendesha mashitaka), kwa kuwa OPJ anafanya kazi chini ya usimamizi wake. Peleka barua fupi yenye jina la aliyefungwa, kasho alimo, na siku na saa ya kukamatwa. Kama chanzo ni deni, taja ibara ya 61: kumfunga mtu kwa sababu ya deni kumekatazwa hata wakati wa hali ya hatari. Hapa angalia sana. Mara nyingi deni la kodi ya nyumba au la bidhaa za soko huandikwa kwenye PV kama utapeli, ili lionekane kosa la jinai. Ambatanisha mkataba, kitansi (risiti) au ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba pesa ilikopwa kwa makubaliano. Na kutoka kasho hakulipiwi. Anayedai pesa ya kufungua mlango, hilo nalo liingie kwenye mashitaka.

Akishatoka, ndipo kazi ya kumshitaki polisi inaanza, na njia ni mbili. Ukaguzi Mkuu wa Polisi unachunguza mwenendo wa askari, na unaweza kumfikisha kwenye adhabu za nidhamu. Kosa la jinai, yaani kupiga, kutesa, kunyang'anya au kufunga bila sheria, linapelekwa Oditora ya kijeshi (ofisi ya mwendesha mashitaka wa jeshi). Ibara ya 156 inaweka makosa ya polisi mikononi mwa mahakama za kijeshi, kwa hiyo mashitaka ya jinai yaliyopelekwa mahakama ya kiraia yanakupotezea miezi. Cheo nacho kina maana: kuanzia meja hadi kanali, kesi inakwenda Korti ya kijeshi, siyo mahakama ya garnizoni (ya kijeshi ya ngazi ya chini). Usipokijua cheo, eleza alama za begani.

Barua isizidi kurasa mbili. Neno "alinitesa" peke yake halitoshi. Sema alitumia nini, alipiga wapi mwilini, kwa muda gani, nani alikuwepo, na alikuwa anataka ukiri nini. Hilo la mwisho lina uzito, kwa sababu sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaadhibu utesaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 10, na kusudi la mtesaji ni sehemu ya kosa lenyewe. Kama hujui jina lake, andika komini (sehemu ya mji), kituo, namba ya gari na saa. Zamu ya siku hiyo inaweza kumfichua. Akijitetea kwamba alitumwa na mkubwa, ibara ya 28 inasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba ni haramu.

Cheti cha daktari kitafute siku hiyohiyo, Sendwe au hospitali nyingine, kabla uvimbe haujashuka. Omba kila jeraha liandikwe mahali lilipo, urefu kwa sentimita na rangi yake. Cheti cha asili baki nacho, toa kopi.

Chapa barua mara nne: Oditora, Ukaguzi Mkuu, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na yako. Hiyo yako ipigwe muhuri wa kupokelewa, iwe na tarehe na sahihi. Karani akikataa, mtume wisie (ofisa wa mahakama anayefikisha barua rasmi) au avoka. Asiye na pesa ya avoka aulize ofisi ya mashauri ya bure ya Baro (chama cha maavoka).

Polisi anayeshitakiwa naye analindwa na ibara ya 17 na ya 19: anahesabika hana hatia, na ana haki ya avoka. Usifurahie akihojiwa bila haki hizo. Uchunguzi wa namna hiyo avoka wake atauangusha, na wewe utabaki mikono mitupu.

Familia ya polisi ikija na pesa ya kupatana, jua kwamba kuondoa malalamiko hakuifuti kesi ya utesaji. Fidia yako utaidai mbele ya mahakama hiyohiyo ya kijeshi, ukijiandikisha kama upande wa madai. Kabla ya kuondoka Oditora, omba namba ya RMP (rejista ya mwendesha mashitaka) ya faili. Ukitishwa baadaye, kila kitisho kiandikie barua yake, yenye namba hiyo juu.