Kupanda Pilipili Kali za Aina Mbalimbali katika Bustani ya Nyumbani

Mtu anayetaka kupanda pilipili kali za aina kadhaa nyuma ya nyumba yake, iwe ni Kampala, Jinja, Arua au Busia, anapaswa kwanza kufahamu kwamba mimea hiyo, ingawa yote huitwa pilipili, haiendi kwa mwendo mmoja. Zipo zinazoota baada ya wiki moja na zipo zinazokaa udongoni karibu mwezi mzima kabla ya kuchomoza. Zipo zinazochumwa miezi miwili na nusu tangu kupandikizwa na zipo zinazotaka miezi minne. Bustani nyingi za nyumbani huharibika kwa sababu aina zote zimesiwa siku moja na kutunzwa kwa namna moja, na ndiyo maana mpango mzuri huanza na aina zenyewe, wala si na jembe.

Kwa bustani ndogo aina nne zinatosha. Jalapeño ni nene na ukali wake ni wa wastani, na pilipili ndefu nyekundu, yaani cayenne, hukauka vizuri na kusagwa kwa urahisi. Zote mbili ni za spishi ya Capsicum annuum. Pilipili mbuzi, zile za mviringo zenye mikunjo na harufu ya matunda ambazo katika jamii yake wamo Scotch Bonnet na habanero, ni Capsicum chinense. Pilipili kichaa, ambayo majirani wengi wa Buganda huiita kamulali, ni kijitunda kidogo kinachoelekea juu, na nyingi kati yake ni Capsicum frutescens. Kwa kipimo cha ukali wa pilipili alichobuni Wilbur Scoville mwaka 1912, jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, cayenne kati ya 30,000 na 50,000, pilipili kichaa kwa kawaida kati ya 50,000 na 100,000, na pilipili mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Kwa hiyo familia yenye watoto haina haja ya kupanda zaidi ya mashina mawili ya pilipili mbuzi, kwani hayo peke yake yatatoa matunda ya kutosha jikoni na ya kuwagawia majirani.

Mbegu za pilipili mbuzi na pilipili kichaa zinaweza kutolewa katika matunda yaliyonunuliwa sokoni, mradi yawe yameiva kabisa na kubadilika rangi, kwa kuwa mbegu za tunda bichi huota kwa shida au hazioti kamwe. Ikiwa tunda lilitokana na mbegu chotara, miche yake haitafanana na mama, na anayetaka uhakika wa aina ni heri anunue pakiti ya mbegu katika duka la pembejeo linaloaminika na kuangalia tarehe iliyoandikwa.

Kalenda hufuata mvua. Katika maeneo ya kati na ya kusini mwa Uganda mvua za kwanza hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na za pili kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa mwaka, na lengo ni miche iingie bustanini wakati udongo una unyevu, lakini matunda yaive wakati mbingu zimetulia, kwa sababu mvua za mfululizo huozesha pilipili zilizoiva. Sia pilipili mbuzi na pilipili kichaa mapema Januari, kisha jalapeño na cayenne wiki tatu baadaye, na zote zitakuwa tayari kupandikizwa mwishoni mwa Machi. Jalapeño na cayenne zitaanza kuchumwa katikati ya Juni, na zile za mwendo wa pole zitafuata Julai, ambapo jua la kukaushia halikosekani. Kwa msimu wa pili rudia utaratibu huo kuanzia Julai. Gulu na Lira, ambako msimu wa mvua ni mmoja mrefu unaoanza takribani Aprili, anza kusia Februari. Kabale na nyanda nyingine za juu zina usiku wa baridi, na usiku unaposhuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi maua ya pilipili huelekea kudondoka. Huko panda jalapeño na cayenne karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana, na usitarajie mengi kutoka kwa pilipili mbuzi.

Kitalu hakihitaji gharama. Jerikeni kuukuu iliyokatwa ubavuni na kutobolewa chini inafaa kabisa, ikijazwa sehemu mbili za udongo wa juu wenye rutuba, sehemu moja ya mboji iliyooza vizuri na sehemu moja ya mchanga. Mwagia mchanganyiko huo maji yanayochemka na uuache upoe kabla ya kusia, ili kupunguza vimelea vya magonjwa. Panda mbegu kwenye kina kisichozidi sentimita moja, funika kwa nyasi kavu, na uziondoe nyasi hizo mara tu unapoona miche ya kwanza, la sivyo itarefuka na kulegea. Joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo linalofaa zaidi, kwa hiyo usiweke kitalu ndani ya chumba chenye baridi. Jalapeño na cayenne huchomoza baada ya siku 7 hadi 14, ilhali pilipili mbuzi na pilipili kichaa zinaweza kuchukua wiki 3 au 4, na asiyejua hilo humwaga udongo wenye mbegu zilizo hai.

Adui mkubwa kitaluni ni kinyausi. Ukiinama utaona mche ungali na majani ya kijani, lakini shina lake, pale linapogusana na udongo, limesinyaa na kuwa jembamba kama uzi. Kesho yake umelala. Ugonjwa huu huletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu uliozidi na msongamano, na kinga yake ni kumwagilia asubuhi tu, kupunguza miche iliyobanana na kuacha hewa ipite. Miche ikipata majani mawili ya kweli, yaani yale yanayofuata baada ya majani ya kwanza ya mbegu, ihamishie kila mmoja kwenye mfuko mdogo au kopo, na siku 7 hadi 10 kabla ya kupandikiza upunguze maji na kivuli hatua kwa hatua ili ikomae. Mche wa sentimita 10 hadi 15, wenye shina imara, ndio unaofaa kwenda bustanini.

Suala la mahali pa kupanda linataka uangalifu kuliko mengine yote, na kwa mazingira ya Uganda lina jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani. Pilipili ni ndugu wa nyanya, biringani na viazi mviringo, na wengi wanalijua hilo. Lakini vilevile ni ndugu wa nakati na wa entula, mboga ambazo hupandwa karibu kila ua katika Buganda. Udongo uliobeba mboga hizi msimu uliopita unaweza kuwa na bakteria wa mnyauko na minyoo fundo inayovimbisha mizizi, na pilipili zitakazofuata hapo zitaingia moja kwa moja katika matatizo hayo. Mmea ukinyauka ghafla mchana ilhali udongo una maji na majani bado ni ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kiweke ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na utazame kwa dakika chache: ute mweupe ukianza kushuka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uchome moto, usiutupe kwenye mboji, na usafishe jembe kabla ya kwenda kwenye mmea mwingine. Sehemu hiyo ipande mahindi, vitunguu au sukuma wiki kwa misimu kadhaa. Asiye na nafasi ya kubadilishia mazao apande pilipili kwenye magunia au ndoo za lita 20 zenye udongo mpya, na matokeo yatakuwa mazuri vilevile.

Pilipili hupenda udongo usiotuamisha maji, wenye uchachu wa pH 6.0 hadi 6.8. Chimba shimo la sentimita 30 kwa kina na upana, changanya udongo wake na mboji au samadi iliyooza. Samadi ya kuku iliyo mbichi huunguza mizizi. Pandikiza jioni na umwagilie papo hapo. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mashina ya jalapeño na cayenne, na sentimita 75 hadi 90 kwa pilipili mbuzi na pilipili kichaa, ambazo hutanuka sana. Tandaza nyasi kavu au maganda ya kahawa, ukiyaweka mbali kidogo na shina, na ukague mchwa mara kwa mara. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hukuza majani na kuchelewesha maua, kwa hiyo mmea ukianza kuchanua punguza samadi. Kumwagilia kwa kusuasua, mara mafuriko na mara ukame, husababisha kitako cha jalapeño kuwa cheusi na kuoza.

Vidukari na nzi weupe hujificha chini ya majani na kueneza virusi vinavyokunja majani. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, kikinyunyizwa jioni hasa upande wa chini wa jani, huwapunguza sana. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yafungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa juani, maana ndani yake huenda mna viwavi wa nondo tunda, mdudu yuleyule anayesababisha shehena za pilipili za Uganda kukataliwa katika masoko ya Ulaya. Na kuku wa nyumbani wazuiwe kwa uzio: ndege hawahisi ukali wa pilipili, hivyo ukali huo hautalinda bustani yako.

Chuma kwa mkasi, ukiacha kikonyo, na uvae glavu unaposhughulikia pilipili mbuzi. Ukali haumo hasa ndani ya mbegu, bali katika utando mweupe unaozishikilia, na kwa kuwa kapsaisini, yaani kemikali inayoleta ukali huo, huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, mikono iliyowashwa ipakwe mafuta ya kupikia kwanza, kisha ioshwe kwa sabuni. Cayenne na pilipili kichaa zikaushwe nzima juu ya kichanja kilichoinuliwa, si chini ardhini ambako hupata ukungu wenye sumu. Pilipili mbuzi ina maji mengi. Ipasuliwe kabla ya kukaushwa, au ihifadhiwe katika siki.

Anayetaka kuweka mbegu zake mwenyewe akumbuke kwamba nyuki huchanganya chavua za aina zilizo karibu. Tunda la msimu huu halitabadilika, lakini mbegu zake zinaweza kuzaa kitu kingine. Funga tawi moja kwa kitambaa cha chandarua kabla maua hayajafunguka, likung'ute taratibu kila asubuhi, ondoa kitambaa matunda yanapoanza kushika, kisha uweke alama kwa uzi ili usiyachume kwa bahati mbaya. Pilipili kichaa iliyomaliza kuzaa haihitaji kung'olewa: ikipunguzwa matawi mwanzoni mwa mvua na kuongezewa mboji, itachipua upya na kuzaa tena kwa mwaka mwingine au zaidi, ila kama majani yake yamekunjamana na kuwa na mabaka ya njano, iondoe kabla vidukari hawajabeba virusi vyake hadi kwenye miche mipya.