SOMO: Kabla hujatuletea nadharia yako ya Kara Thrace, eleza ndege kwanza

Nimechoka. Kila baada ya siku chache anaingia mtu humu, amemaliza Battlestar Galactica, ule mfululizo wa TV wa binadamu wanaowakimbia Cylon (mashine, nyingine zenye sura ya watu) huku wakiitafuta Dunia, usiku wa manane, macho mekundu, anaandika kwa herufi kubwa: KARA NI CYLON, NIMEGUNDUA. Tunaanza upya, watu walewale, hoja zilezile. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa, na asininunie.

Namwaga mtama wote. Kama hujafika sehemu ya mwisho, ile iliyorushwa Machi 20, 2009, toka sasa hivi. Swali lenyewe ni hili: Kara, rubani wa kivita, alikufa akarudi. Aliyerudi ni nini?

Hatua ya 1. Angalia yote.

Hatua ya 2. Hakikisha hayo "yote" ni yote kweli. Flashi za laibrari, yale maduka ya kunakili filamu, zina mapengo. Kama nakala yako inaanza na watu wasiolala, wanaoshambuliwa kila baada ya dakika 33, umekosa utangulizi wa mwaka 2003, karibu saa tatu nzima. Rudi ukadai. Halafu kuna filamu yake ya Razor ya mwaka 2007. Hadithi yake inarudi nyuma, lakini iangalie baada ya msimu wa tatu, maana ndimo unapotoka ule unabii kwamba Kara atawafikisha binadamu kwenye mwisho wao.

Hatua ya 3. Gawa ukurasa wa daftari mara tatu: kilichoonekana, kilichosemwa na mhusika, kilichosemwa na watengenezaji nje ya hadithi. Usichanganye. Cavil, yule Cylon kiongozi, ni mwongo, na Baltar, yule mwanasayansi, anapenda kusikilizwa kuliko anavyopenda ukweli. Neno la mmoja wao si sawa na kitu ulichokiona kwa macho yako.

Hatua ya 4. Usitumie maneno ya VJ kama ushahidi. Hapa ndipo nadharia nyingi zinapozikwa, kwa hiyo someni taratibu. Wengi wetu tuliingia kwenye mambo haya kupitia kibanda cha video: benchi la mbao, pazia jeusi dirishani, VJ anatafsiri kwa Luganda juu ya sauti za wenyewe. Simdharau VJ hata kidogo. Bila yeye wengi wetu tusingezijua hadithi za anga za juu. Lakini kazi yake ni kuwazuia watu wasitoke kibandani, si kutunza kumbukumbu za kesi. Mhusika akinyamaza, yeye hanyamazi. Anampa jina la mtaani, anamtafutia ukoo, anamwekea nia. Chukua mwisho wa msimu wa tatu, Kara anapotokea pembeni ya ndege ya Lee, rubani mwenzake. Kwa Kiingereza anamwambia kwamba ni yeye kweli, kwamba amefika Dunia, anajua ilipo, na atawapeleka. Basi, hakuna zaidi. Kuna nakala inazunguka ambayo hapohapo ameongezewa kwamba kuna waliomtuma. Nani hao? Humu ndani watu wamejaza kurasa wakiwatafuta hao waliomtuma, wakawapata, wakawapa na majina. Hawapo. Waliwekwa na mtu mwenye maikrofoni ambaye pengine alikuwa anajaza kimya cha sekunde mbili.

Onyo: ukisikia sentensi nzito kwenye nakala iliyotafsiriwa, itafute kwenye sauti ya awali, andika sehemu na dakika.
Onyo la pili: maandishi ya chini yaliyopakuliwa peke yake nayo yanadanganya. Yanaruka maneno, yanampa huyu kauli ya yule.
Onyo la tatu: "rafiki yangu alinisimulia" si ushahidi. Hata kama rafiki yako amesoma Makerere.

Hatua ya 5. Eleza ndege. Kila mtu anakimbilia mwanamke: ni nani, ni roho, ni mashine? Acha mwanamke. Anza na chuma, kwa sababu chuma hakina hisia wala siri za utotoni.

Katika "Maelstrom", Machi 2007, Kara anaingia na Viper yake, ndege ya kivita, kwenye dhoruba ya ile sayari ya gesi, na chombo kinalipuka mbele ya macho ya Lee. Sehemu tatu baadaye anarudi. Kwake yeye zimepita saa sita hivi. Kwa wenzake ni zaidi ya miezi miwili. Viper anayorudi nayo inang'aa kama imetoka kiwandani, na kwenye kompyuta yake hamna kumbukumbu ya safari. Tunafika Januari 2009, "Sometimes a Great Notion": kwenye ile Dunia ya kwanza wanayoifikia, iliyoungua, Kara na Leoben, mmoja wa Cylon, wanakuta mabaki ya Viper yake, na ndani mwili ulioungua wenye nywele zake na vile vibati vya utambulisho ambavyo wanajeshi huvaa shingoni.

Hesabu sasa. Ndege moja ililipuka sehemu fulani ya anga, mabaki yake yakaonekana kwenye sayari nyingine kabisa. Ndege nyingine, mpya, imetoka pasipojulikana. Hayo ni mafumbo mawili, na hakuna hata moja linalohusu nafsi ya Kara. Ukisema ni Cylon aliyefufuliwa, vizuri, ufufuo wao unampa mwili mpya. Haumpi ndege. Cylon wote waliozinduka kwenye yale mabeseni walizinduka uchi, hakuna aliyezinduka na injini. Ukisema ni malaika, nani alibeba mabaki hadi Dunia, na kwa nini? Nadharia isiyogusa ndege ni maoni tu. Maoni yana uzi wake, nendeni huko.

Hatua ya 6. Andika ni kitu gani kikionekana utaiacha nadharia yako. Kama hakipo, umeanzisha dini, na hapa tumeshajaa.

Hatua ya 7. Tumia aya.

---

Kijana_wa_Malaba: Kwa kifupi ni malaika ama siyo?

Mwenye somo: Hatua ya 5.

Kijana_wa_Malaba: Nimeiona lakini ndefu.

Mwenye somo: Umeangalia misimu minne. Aya tatu zimekushinda?

BodaSteji: Mimi sijamaliza msimu wa nne ila naona wazi kabisa ni mzimu. Kwetu mtu akifa akarudi hatuulizi maswali mengi.

Mwenye somo: Mzimu hauji na ndege mpya. Na malizia msimu, ssebo.

Mzee_wa_Owino: Wewe unayetufundisha leo, si ndiye uliyetuandikia hapa kwamba Cavil ndiye aliyemtuma Kara? Na ukatukana watu waliokataa?

Mwenye somo: Ndiyo, mzee. Unadhani hatua ya 4 imekuwa ndefu kwa nini? Na sikutukana. Nilisema "someni".

Nalongo_Bwera: Mwalimu, shikamoo. Naona umeiruka nadharia ya Daniel, na mimi ndiyo iliyonishika. Katika "No Exit", Ellen, mmoja wa wale Cylon watano wa mwisho kujulikana, anasema kulikuwa na Cylon wa saba, Daniel, msanii, na Cavil akawaharibu wote kwa wivu. Baba yake Kara alikuwa mpiga kinanda, akatoweka. Kwa nini asiwe Daniel mmoja aliyeponyoka? Basi Kara angekuwa nusu kwa nusu kama Hera, yule mtoto wa Cylon na binadamu.

Mwenye somo: Marahaba, Nalongo. Hili ndilo swali ninalolipenda, na sikuliruka kwa dharau. Miaka haiikatai: vita vya kwanza vya binadamu na Cylon viliisha karibu miaka 40 kabla ya makoloni ya binadamu kuanguka, na Cylon wenye sura ya watu walitengenezwa baada ya hapo. Kara ana umri unaoingia humo. Usanii unalingana. Hata ule wimbo unalingana: Hera anachora nukta, Kara anatambua ni noti alizofundishwa na baba yake, na noti hizohizo ndizo zilizowaamsha wanne kati ya wale watano. Ukiisoma hivyo unasema bila shaka kuna damu hapa.

Lakini ona inapokwama. Kwanza, safu ya tatu ya daftari: Ronald D. Moore, aliyeiendesha hadithi, alishasema Daniel hakukusudiwa kuwa baba yake Kara. Wapo wanaosema mtunzi akishatoa kazi hana sauti tena. Sawa, tumwondoe. Bado mtoto wa Cylon na binadamu anakufa kama sisi. Hera hana mahali popote alipofufuka. Na tumpe Kara ufufuo wa bure, ndege je? Daniel alikuwa msanii, hakuwa fundi wa Viper.

Nalongo_Bwera: Haya, ndege imeniua. Lakini wimbo siuachi.

Mwenye somo: Usiuache. Wimbo ni wa Bob Dylan, wa mwaka 1967, na Bear McCreary ndiye aliyeupanga upya kwa ajili ya mfululizo. Mwishoni Kara anageuza noti kuwa namba, anaziingiza kama mahali ambapo meli iruke kwenda, na hizo ndizo zinazowaleta kwenye Dunia ya pili, hii yetu, miaka 150,000 iliyopita. Ukitaka kazi nyingine, fuatilia ule mchoro wa duara za rangi. Upo ukutani kwenye nyumba yake kwenye sayari ya Caprica tangu msimu wa pili, halafu mwenzake Helo anamwonyesha kwamba unafanana na ule wa hekaluni msimu wa tatu, halafu dhoruba iliyomuua ina sura ileile. Kuna aliyekuwa anamwongoza kabla hajafa. Wanaosema aligeuzwa siku ile ya dhoruba inabidi waujibu huo mchoro.

Binti_Mbale: Mimi ni wa upande wa malaika na ndege nitaijibu baadaye 😅 Lakini kuna watu humu wanasema hawezi kuwa malaika kwa sababu anakula, anakunywa, analala na mumewe. Mwanzo 18, wageni wa Ibrahimu walikula. Ndama, siagi na maziwa, chini ya mti.

Mama_Shifa: Kwenu walikula, mwanangu. Kwetu, Sura Hud, Ibrahim aliwaletea ndama wa kuchoma, na mikono yao haikumfikia. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu, akajua hawa si watu wa kawaida. Kwa kipimo chetu Kara angetambulika mezani siku ya kwanza. Yule ananywa kuliko rubani yeyote melini.

Mwenye somo: Mama, hii nimeibandika juu. Na inafika pazuri, kwa sababu ndani ya hadithi yenyewe tayari tuna wajumbe wa namna hiyo: yule mwenye sura ya Six, Cylon mwanamke, anayemtokea Baltar peke yake, na Baltar anayemtokea Caprica Six. Wengine hawawaoni. Mwisho wa yote wanaonekana wakitembea New York ya siku zetu, hawajazeeka. Kara haingii kundi hilo. Alionekana na kila mtu, akapigana ngumi na watu, akavuja damu. Anayesema malaika aseme ni malaika wa aina ya pili, kisha atuonyeshe mwingine wa aina hiyo. Mimi sijamwona.

Kijana_wa_Malaba: Kwa hiyo si malaika?

Mwenye somo: Sikusema hivyo.

Afande_Mstaafu: Habari za jioni. Naomba kuuliza juu ya vile vibati. Jeshini kibati ni cha mtu mmoja. Yeye karudi, ana vyake shingoni, na maiti ina vyake. Vipo seti mbili?

Mwenye somo: Jambo afande. Katika watu wote humu ni wewe umeuliza hilo. Kibati cha kwenye maiti anakichukua, na baadaye ndicho anachompa Baltar apime damu. Baltar anasimama mbele ya watu kwenye ibada ya mazishi, anatangaza kwamba damu ni yake Kara na imetoka kwenye mwili uliokwisha kufa. Kara anamzaba kofi. Kwa hiyo maiti ni yake kweli, si mfano, kama tukiliamini neno la Baltar, na hapo narudi hatua ya 3. Ila ukiongeza nywele na ndege yenyewe, mimi naamini. Vibati viwekwe pamoja na ndege: vyote viwili vimerudiwa. Aliyemrudisha alimrudisha na vifaa vyake.

Afande_Mstaafu: Basi aliyefanya hivyo alihitaji arudi kazini. Mtu ukimtaka nyumbani humpi sare mpya.

Mwenye somo: Afande. Andika uzi wako.

Binti_Mbale: Nimerudi na ndege. Kwenye "Revelations" ni ile Viper mpya iliyonasa mawimbi ya kuwaelekeza Dunia, si ndivyo? Na mawimbi yalikuwa yanatoka kwenye mabaki ya ile ya zamani. Yaani mabaki yaliwekwa pale yaite, na ndege mpya ikapewa masikio ya kusikia. Mbili kwa makusudi moja. Nadharia yangu itakufa kama mawimbi yangesikika kwenye Viper nyingine yoyote.

Mwenye somo: Hii sasa ni nadharia. Ina ndege zote mbili, na ina kinachoweza kuiua. Kuna tundu moja: Dunia ile ilikuwa imeungua. Kwa nini kuwaita watu mbali hivyo waje kwenye majivu?

Mama_Shifa: Unabii ulisema atawafikisha mwisho wao. Haukusema mara ngapi.

Binti_Mbale: 😳 Mama subiri, naandika.

BodaSteji: Nani ana Razor safi, isiyo na VJ? Niko Mukono.

Mwenye somo: Uliza laibrari kubwa za mjini, siyo za stejini. Waambie wakufungulie dakika tano za katikati kabla hujalipa. Mwanzo huwa safi siku zote, kelele zinaanza ukishafika nyumbani.