Kuondoa mwarobaini kichakani bila kuufungulia mlango

Mwarobaini, au mkilifi, asili yake Bara Hindi. Uani Malindi hauna ubaya: ni kivuli na ni dawa. Shida ni ukiingia vichaka vya miti ya asili. Ndege na popo hula matunda, hudondosha kokwa chini ya miti ya asili kama mbambakofi, na mche hustahimili kivuli ukingoja mwanga. Kwa hiyo usifyeke yote siku moja. Jua likimwagika ghafla, wa kwanza kupanda juu ni machipukizi ya mwarobaini uleule.

Kama ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, anza na idhini ya wazee. Kama ni msitu wa serikali, anza na ofisi ya misitu.

Shughulikia kwanza miti mama, yaani mikubwa inayozaa, kabla matunda hayajageuka manjano. Chagua theluthi moja tu kwa mwaka. Kwa panga kali, menya gome kuzunguka shina lote, upana wa sentimita 30, kisha kwangua ule utelezi mpaka mti mkavu uonekane. Uzi mmoja wa gome ukibaki, chakula kitashuka mizizini na mti utapona. Mti uliomenywa hukauka polepole, na mwanga huongezeka kidogo kidogo, jambo linalofaa miche ya asili. Chini ya pete patachipua. Vunja machipukizi kila baada ya wiki tatu. Usichimbe kuzunguka shina, maana mzizi uliojeruhiwa hutoa vichipukizi vipya.

Miche ya chini ya nusu mita ing'oe kwa mkono baada ya mvua ya masika. Tazama jani kwanza: vijani vina meno kama msumeno na kitako kimepinda upande mmoja. Shika pale shina linapokutana na udongo, uvute wima. Mzizi mkuu ukikatika, utachipua tena. Habari njema ni kwamba mbegu za mwarobaini hazikai udongoni miaka kama za mathenge, mti mwingine vamizi wa kigeni. Hufa baada ya muda mfupi. Mama akishaondoka, miche mipya ni ya kuletwa na ndege na popo tu.

Papo hapo jaza nafasi. Mbegu ya mbambakofi ni nyeusi yenye kofia nyekundu: toa kofia, loweka usiku kucha, panda.

Je, ushindani ndio uliozuia miti ya asili? Pima. Weka vigingi kwenye viwanja viwili vya mita 2 kwa 2, vyenye kivuli sawa. Kimoja ng'oa mwarobaini, kingine acha. Pima urefu wa miche ya asili kila miezi mitatu, kwa mwaka mzima. Ikidumaa kote kuwili, tafuta nyayo za mbuzi.