Kuchagua Lenzi ya Makro ya Kupigia Picha Wadudu: Anza na Nafasi Iliyo Mbele ya Kioo

Kereng'ende anayetua kwenye mafunjo ya Dunga, kando ya Ziwa Viktoria, humwacha mpiga picha asogee mpaka kiasi fulani, kisha akaruka. Kiasi hicho ndicho kinachoamua lenzi inayokufaa, kuliko jina la kampuni na kuliko bei. Wengi huanza kwa kuuliza lenzi inakuza mara ngapi. Mimi huwasihi waanze kwa kuuliza ni nafasi gani inayobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu.

Kuhusu ukuzaji, jambo ni fupi. Lenzi ya makro kamili hufikia uwiano wa 1:1, yaani mdudu wa milimita 20 huangukia kwenye sensa, kipande cha ndani ya kamera kinachopokea picha, akiwa na milimita hizo hizo 20. Jihadhari na lenzi za kuvuta (zoom) zilizoandikwa neno makro ubavuni, kwa sababu nyingi huishia theluthi au robo ya ukubwa halisi, kiasi kinachomtosha kipepeo mkubwa lakini si chungu.

Lenzi zinazofikia 1:1 hutofautiana hasa kwa urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyo kwenye jina la lenzi, na hapo ndipo nafasi inapopatikana au kupotea. Katika uwiano huo, lenzi ya milimita 60 hukuachia takriban sentimita 5 mbele ya kioo, ya milimita 100 takriban 13, na ya milimita 180 zaidi ya 20. Usikubali kudanganywa na umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo: sentimita 30 za lenzi ya milimita 100 hupimwa kuanzia kwenye sensa, kwa hiyo sehemu kubwa ya umbali huo humezwa na kamera na lenzi yenyewe. Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa ya milimita 60, na kwa miezi mingi nilirudi nyumbani na picha za vunjajungu waliofunikwa na kivuli cha lenzi, hasa jua la Kisumu linapokuwa utosini. Kwa anayenunua lenzi moja tu, napendekeza ya kati ya milimita 90 na 105. Ile ya 180 ni nzito na ghali, ingawa kwa vipepeo wanaofyonza chumvi kwenye matope ya njia za Buyangu, katika msitu wa Kakamega, hakuna iliyo bora kuishinda.

Usilipe zaidi kwa ajili ya tundu kubwa la f/2.8 (tundu ni uwazi unaopitisha mwanga ndani ya lenzi; namba ya f ikipanda, uwazi hupungua) ukidhani litakusaidia kwa mdudu aliye karibu. Katika 1:1, hata ukifunga tundu hadi f/8, sehemu inayotoka kali kwenye sensa kubwa ina unene wa takriban milimita 1 tu: jicho la nyuki litakuwa wazi na bawa lake litafifia. Kufunga zaidi huongeza unene huo, lakini kunapunguza mwanga, na ukipita kiasi picha nzima hulainika. Ndani ya msitu wa Kakamega, ambako miti huzuia jua hata saa sita mchana, fedha hizo zingefaa zaidi kununua fleshi na kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga wake.

Vivyo hivyo, kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi husaidia kidogo sana katika 1:1, na fokasi ya kujiendesha huyumba. Weka fokasi kwa mkono, kisha sogeza mwili wako polepole mbele na nyuma. Ikiwa mdudu yuko kwenye bua, lishike bua hilo kwa mkono wa kushoto na uilaze lenzi juu ya mkono huo huo. Upepo ukivuma, mdudu na kamera vitayumba pamoja.

Ikiwa mfuko hauruhusu, zipo njia mbili. Pete za kurefusha, zinazowekwa kati ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani: pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 hukupa nusu ya ukubwa halisi, lakini nafasi ya mbele huwa finyu sana. Napendelea kioo cha kubana mbele ya lenzi, kama Raynox DCR-250. Ukikiweka kwenye lenzi ya kuvuta iliyo kwenye milimita 200, utapita 1:1 huku ukibakiwa na takriban sentimita 12 mbele yako.

Lenzi iliyotumika nayo inafaa, ila hewa ya kando ya ziwa ina unyevu na kuvu huota kwenye vioo. Niliwahi kununua moja bila kuikagua, na baada ya wiki mbili nikaona nyuzi kama utando wa buibui ndani yake. Mulika tochi kutoka nyuma na utazame kupitia mbele, ukiigeuza polepole. Kisha ifunge kwenye kamera yako hapo hapo dukani, iweke kwenye fokasi ya karibu kabisa, sogea mpaka punje ya mchele iliyo mezani ionekane wazi, na upime kwa rula kutoka kwenye kioo hadi kwenye punje.