Saratani ya mlango wa kizazi kwa mama ambaye kizazi kimeshuka

Mama wa Rungwe au Makete akifika kliniki na kizazi kilichotoka nje chenye kidonda, ni rahisi kuandika "msuguano", akapewa dawa ya kupaka na kurudi shambani. Kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, au kinachotoka damu kikiguswa, kikatwe kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara (biopsi) siku hiyohiyo. Kingine kipewe wiki mbili tatu kizazi kikiwa kimerudishwa ndani. Kisipofunga, kikatwe pia. Kata ukingoni, maana katikati mara nyingi ni nyama iliyokufa na maabara haitapata jibu. Fomalini (dawa ya kuhifadhia kipande hicho) ya asilimia 10 iwe mara kumi ya ujazo wa kipande. Kipimo cha siki, yaani kupaka siki mlangoni na kutafuta weupe, usikitegemee hapa: mlango uliokaa nje muda mrefu huwa mnene na mweupe hata kabla ya kupakwa.

Ugonjwa ukithibitika, piga ultrasaundi ya figo kabla ya kuandika hatua ya saratani. Kizazi kilichotoka chote hukunja mirija ya mkojo, figo zikavimba, na asiyejua hilo ataandika hatua ya IIIB, yaani saratani iliyofika ukuta wa nyonga au kuziba mirija ya mkojo. Rudisha kizazi, subiri siku chache, rudia ultrasaundi na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo). Uvimbe wa figo ukipungua, kilichoziba ni mkunjo. Hili lina uzito mkubwa: sisplatini, dawa ya saratani inayotolewa pamoja na mionzi, miligramu 40 kwa mita mraba kila wiki, huumiza figo zilizokwisha kuelemewa.

Uvimbe mdogo wa saratani ambao haujavuka mlango wa kizazi hufanyiwa upasuaji, na kizazi kilichoshuka huondoka hapohapo. Mkubwa unahitaji mionzi pamoja na sisplatini, kwa mfano katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: mionzi ya nje Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) 45 hadi 50 kwa takriban vipindi 25, kisha ya ndani, inayotolewa kupitia ukeni, yote ndani ya wiki nane. Familia ijue mapema kwamba ni safari ya miezi, ipange malazi.

Kinachoharibu mionzi ni kizazi kushuka tena. Pesari (kifaa cha kuwekwa ukeni kushikilia kizazi) ya silikoni isiyo na chuma iwekwe kabla ya picha ya CT ya kupanga mionzi, na ihakikiwe kila siku kabla mashine haijawashwa. Ikiteleza, uvimbe hutoka nje ya eneo lililopangwa na dozi huishia kwenye utumbo na kibofu. Isiposhika, tumia chachi. Siku ya mionzi ya ndani pesari hutolewa. Isisahauliwe ndani baada ya matibabu, kwani ukuta wa uke uliochomwa na mionzi ukigandamizwa hutoboka, mama akapata fistula (tundu kati ya uke na kibofu au utumbo).

Kwenye barua ya rufaa andika aina na saizi ya pesari, tarehe iliyowekwa, na kreatinini ya kabla na baada ya kurudisha kizazi.